Dakika 20 za Mwisho na Wiki 27 Zilizozitangulia

Hotuba kwa makocha, waamuzi na wachezaji wa raga kuhusu msimu wa 2023 wa ligi kuu ya Australia

Itifaki yote imezingatiwa. Makocha, waamuzi, manahodha, na nyinyi mlioingia kwa sababu mmesikia kuna chai na mandazi: karibuni nyote.

Projekta ile pale tutaiwasha mwishoni. Tutatazama dakika 20 tu za mechi moja, fainali ya NRL, ligi hiyo kuu ya Australia, iliyochezwa Sydney Jumapili ya tarehe 1 Oktoba 2023 mbele ya watazamaji 81,947. Saa moja ya mchezo ilipotimia, ubao ulisomeka Brisbane Broncos 24, Penrith Panthers 8. Kipenga cha mwisho kilipolia, Penrith 26, Brisbane 24. Aliyezoea raga yetu ya 15 au ya wachezaji saba ataitazama mechi ile na kusema ni bahati, au ni ushujaa wa mtu mmoja. Mimi nasema ni hesabu ya uchovu, na hesabu hiyo ilianza kuandikwa mwezi Machi.

Tuondoe kwanza mkanganyiko. Simbas wa Kenya wanacheza raga ya 15, wenzao Shujaa wanacheza ya saba. Hii ya NRL ni ya 13. Iliachana na ile ya 15 kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, chanzo kikiwa pesa: klabu za huko zilitaka kuwafidia wafanyakazi ujira wa siku walizokosa kazini kwa ajili ya mechi, wakubwa wa mchezo wakakataa. Sydney ikaanzisha ligi yake mwaka 1908 kwa timu tisa. Uwanja una mita 100 kutoka mstari wa trai hadi mstari wa trai, upana mita 68, na mechi ni dakika 80. Mpira ukitoka nje hakuna mistari miwili ya kurukia. Skramu zipo, lakini hakuna anayesukuma kwa dhati. Kazi yake ni kuwakusanya watu sita sita sehemu moja ili wengine wapate nafasi. Jezi nazo zimegeuzwa: kwao namba 1 ni beki wa mwisho, namba 8 na 10 ndio mibabe wa mbele, na namba 7 ndiye mwenye akili ya timu. Kocha wa raga ya 15 akiisoma orodha yao bila kujua hilo atadhani wamepanga kikosi kichwa chini miguu juu.

Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4, mkwaju wa kuongeza baada yake 2, penalti ya kupiga golini 2. Bao la kudondosha, ule mkwaju wa kuuachia mpira udunde ndipo upigwe, ni pointi 1, na tangu 2021 ni 2 ukipigwa kutoka nje ya mita 40. Hizo mtazishika mkitazama.

Kisichoshikika kwa macho ni kile kinachotokea baada ya mtu kukabwa, yaani kushikwa na mpira mkononi hadi asisonge tena. Naomba tukae hapo kidogo, maana mchezo wote umejificha hapo.

Timu yenye mpira ina nafasi sita za kukabwa. Ya sita ikifika hujafunga wala hujapiga mpira, unamkabidhi mpinzani papo hapo. Nafasi hizo sita wanaziita seti. Sasa mtazame aliyekabwa. Anasimama, anageukia mstari wa trai wa wapinzani, anauweka mpira chini mbele ya mguu wake, anauviringisha kwa wayo uende nyuma. Nyuma yake amechutama namba 9 anausubiri. Mbele yake wanaruhusiwa kusimama walinzi wawili tu. Wale 11 waliobaki wote wawe wamerudi nyuma mita 10. Kitendo hiki hurudiwa mara mia kadhaa katika mechi moja.

Aliyekabwa akisimama na kuuviringisha mpira ndani ya kama sekunde tatu, walinzi bado wanatembea kinyumenyume. Anayepokea anawakuta uzito wao bado uko kwenye visigino. Sekunde nne au tano, ukuta umeshapangwa. Ndiyo maana wanaokaba hawataki tu kumwangusha mtu. Wanataka aanguke chali, awe na watu watatu juu yake, na kila mmoja aondoke kwa zamu yake, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Klabu zikaanza kuajiri walimu wa mieleka na judo kwa ajili ya sekunde hizo mbili. Melbourne Storm wa kocha Craig Bellamy ndio walioifanya kazi hiyo kuwa sanaa, na wakasemwa sana kwa hilo.

Zamani mwamuzi akiona ucheleweshaji alipuliza penalti. Adhabu ile, kwa mshangao wa wengi, iliwafaa waliokosea: mchezo ulisimama, mpira ukapigwa nje, wakavuta pumzi. Ligi iliporudi tarehe 28 Mei 2020 baada ya kusimamishwa na korona, ilirudi na kanuni mpya. Mwamuzi hapulizi tena. Anapunga mkono na kuhesabu kunaanza upya, sita nyingine, mchezo ukiendelea. Mlinzi aliyeshakaba mara nne anajikuta ana sita mbele yake. Hapo ndipo uchovu ulipogeuka kuwa silaha halali.

Makocha hawakukawia kupata mwanya. Mpinzani akiwa amebanwa karibu na mstari wake mwenyewe, seti ikiwa ndiyo kwanza inaanza, walimcheleweshea mpira kwa makusudi. Kumpa kuhesabu upya pale hakukuwagharimu kitu, kwa kuwa alikuwa hata hajazitumia zile nafasi zake. Kuanzia 2022, na hata msimu huo wa 2023, kosa likitokea timu yenye mpira ikiwa ndani ya mita 40 za kwake, ilikuwa penalti kamili. Waamuzi mliopo hapa mnaielewa vizuri hadithi hiyo: adhabu ikiwa nyepesi kuliko faida, watu hununua kosa.

Hebu tupige hesabu kwa upande wa mlinzi. Seti moja, akabe au asikabe, anarudi mita 10 na kupanda mbele tena mara tano au sita. Hizo ni takribani mita 100 kwa seti moja, nusu yake kinyumenyume, na katikati yake anajibwaga juu ya mtu wa kilo 110. Mwishoni mwa seti wapinzani wanapiga mpira mfupi chini, unaingia nyuma ya mstari wake wa trai, beki wake anakamatiwa humo humo. Kanuni inasema timu yake ipige mkwaju wa kudondosha kutoka chini ya nguzo, na kwa kawaida mpira unarudi kwa wapinzani wale wale. Sita nyingine. Ikitokea tena, nyingine. Timu iliyokaba mara 18 mfululizo haivunjiki hapo hapo. Huvunjika dakika 10 baadaye, upande mwingine kabisa wa uwanja, mtu mmoja anapochelewa hatua moja. Mtazamaji atamlaumu yule mmoja.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha makocha wa huko ni seti zilizokamilika: kati ya seti 10, ngapi zimefika mwisho bila mpira kuanguka. Wengi hulenga nane. Mpira ukiangushwa kwenye nafasi ya pili, unapoteza mara tatu: hukusogea, hukupata kupiga mpira mbali, na wachezaji wako waliotegemea kupumua wakiwa na mpira wanaanza kukaba tena, tena wakiwa karibu na kwao.

Benchi linasaidia, lakini si kama mnavyodhani. Mwaka 2023 walivaa 17, wakaanza 13, na mabadiliko yalikuwa manane kwa mechi. Tofauti na soka, aliyetoka anaweza kurudi. Mtindo wa kawaida ni namba 8 na 10 kucheza dakika 20 hadi 25 za mwanzo, kupumzika, kisha kurudi kipindi cha pili. Kuingia na kutoka kwa watu wawili hao peke yao kunakula nusu ya mabadiliko yako. Akiumia mchezaji wa pembeni dakika ya 15, kocha ametumia badiliko ambalo halikuwa la kupunguza uchovu, na deni lake litadaiwa dakika ya 65. Anayeshukiwa kugongwa kichwani anatolewa kwa uchunguzi wa dakika 15. Na tangu Machi 2023, aliyethibitika kupata mtikisiko wa ubongo hukaa nje angalau siku 11. Kwa kuwa mechi zinafuatana kwa siku tano hadi nane, maana yake ni kwamba mechi inayofuata kwa kawaida haichezi. Tuliopo hapa tuna wachezaji waliorudishwa uwanjani Jumamosi iliyofuata kwa kunyweshwa glukosi. Tuliache hilo kwa leo.

Sasa njooni kwenye msimu wenyewe.

Mwaka 2023 timu zilikuwa 17, namba witiri, baada ya kuingia Dolphins kutoka Redcliffe, kaskazini mwa Brisbane. Tisa zina mizizi Sydney na viunga vyake, nne Queensland, na zilizobaki ni Newcastle, Canberra, Melbourne na Warriors wa Auckland, New Zealand. Raundi 27, kila timu mechi 24. Mkigawanya mtaona: wapinzani 16, mechi 24, kwa hiyo nane unakutana nao mara mbili na nane mara moja. Ligi hii haina usawa wa nyumbani na ugenini kama ligi za soka tulizozizoea, na kila Novemba ratiba ikitoka klabu hukimbilia kuangalia kitu kimoja: nani tumepangiwa mara mbili.

Wiki tatu zinazobaki ni za mapumziko. Ushindi ni pointi 2, sare 1, na wiki ya mapumziko nayo inakupa pointi 2, bila kutoa jasho. Kwa hiyo jedwali la katikati ya msimu ni la uongo. Timu iliyokula mapumziko yake mawili mapema inaonekana juu. Iliyoyaweka akiba inaonekana chini. Mkisoma jedwali la NRL mwezi Juni, toeni kwanza pointi za mapumziko kwa kila timu ndipo mlinganishe.

Wiki ya kawaida inaanza Alhamisi usiku kwa mechi moja, Ijumaa mbili, Jumamosi tatu, Jumapili mbili. Kwa wanaotazama kutoka Afrika Mashariki, Sydney inatutangulia kwa saa saba kuanzia Aprili hadi Septemba, na saa nane mwezi Machi na Oktoba, maana jimbo lao la New South Wales hubadilisha saa na Queensland haibadilishi. Mechi ya Alhamisi ya saa 1:50 usiku wa Sydney katikati ya msimu ni saa 6:50 mchana kwetu. Fainali ya 2023 ilikuwa saa 1:30 usiku kwao, na saa zilibadilishwa alfajiri ya siku ile ile. Aliyehesabu saa saba kama alivyozoea akafungua saa 6:30 mchana alikuta kipindi cha pili kinakaribia kuanza.

Lakini ratiba ya siku ndiyo inayoumiza. Timu inaweza kucheza Jumapili alasiri na kurudi uwanjani Ijumaa usiku: siku tano. Katika siku hizo kuna ndege ya kurudi, siku moja ya kuloweka miili kwenye maji baridi, kikao cha kutazama mkanda, mazoezi ya uwanjani mara mbili kwa shida, na ndege tena. Kinachokatwa kwanza ni mazoezi ya kukaba, kwa sababu miili haiwezi. Baada ya wiki tatu za namna hiyo ulinzi unaanza kuvuja, na mashabiki wanadai kocha afukuzwe.

Halafu inakuja State of Origin. Queensland dhidi ya New South Wales, mechi tatu katikati ya msimu, na mchezaji anavalia jimbo alikokulia kiraga, si jimbo la klabu yake. Mwaka 2023 zote tatu zilikuwa Jumatano: tarehe 31 Mei Adelaide, 21 Juni Brisbane, 12 Julai Sydney. Queensland walishinda mbili za mwanzo, 26-18 na 32-6, na kupoteza ya tatu 24-10. Ni mechi ngumu kuliko za ligi, zenye kasi kuliko za ligi, na ligi haisimami kikamilifu kuzipisha. Mchezaji anayetoka Origin Jumatano usiku anaweza kutakiwa na klabu yake Ijumaa au Jumamosi. Ndiyo sababu mapumziko mengi hupangwa kuzunguka wiki hizo, na ndiyo sababu klabu yenye wachezaji wengi wa majimbo hulipa kodi ya ubora wake kila Juni.

Penrith waliilipa. Nathan Cleary, namba 7 wao, aliumia msuli wa nyuma ya paja mwanzoni mwa Juni akiwa na klabu, akakosa mechi mbili za mwisho za Origin na wiki kadhaa za ligi. Timu haikuyumba. Hapo lazima niguse pesa. Klabu zote zina kikomo kimoja cha mishahara. Mwaka 2023 kilikuwa dola milioni 12.1 za Australia kwa wachezaji 30 wa juu, wastani wa kama dola 400,000 kwa kila mmoja. Ukishinda makombe, bei ya wachezaji wako inapanda na kikomo hakipandi, kwa hiyo unalazimika kuwaachia. Anayedanganya hesabu anakiona: Melbourne walinyang'anywa ubingwa wa 2007 na wa 2009, na mwaka 2010 walicheza msimu mzima bila kupewa pointi hata moja. Bulldogs walikatwa pointi 37 mwaka 2002 wakiwa juu, wakamaliza mkiani.

Penrith walitwaa ubingwa 2021 na 2022, na baada ya hapo wakampoteza Viliame Kikau kwa Bulldogs na namba 9 wao, Api Koroisau, kwa Wests Tigers. Hawakununua nyota. Walimpa jezi namba 9 Mitch Kenny, aliyekuwa msaidizi wake. Wana eneo kubwa la magharibi mwa Sydney lililojaa klabu za watoto, na vijana wao wanafundishwa mpangilio ule ule wa wakubwa tangu wakiwa chini ya miaka 18. Usione vyaelea, vimeundwa. Kumbukeni jina la Kenny, linarudi.

Kuhusu waliobaki nitapita upesi, isipokuwa wanne.

Dolphins hawakupewa nafasi na mtu. Kocha wao, mkongwe Wayne Bennett, aliwachukua wachezaji wazoefu ambao klabu nyingine hazikuwahitaji sana. Mechi ya kwanza ya historia yao, tarehe 5 Machi, wakawafunga Sydney Roosters 28-18, na wakashinda tatu za mwanzo mfululizo. Walimaliza wa 13. Ni mfano safi wa kikosi chenye 17 wazuri na upungufu wa watu kuanzia wa 18: Machi inatosha, Julai haitoshi.

South Sydney waliongoza jedwali mwezi Mei na kumaliza wa tisa, nje ya mchujo wa timu nane. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Canberra waliingia nafasi ya nane wakiwa wamefungwa pointi nyingi kuliko walizofunga. Walishinda mechi nyingi kwa pointi chache na kupoteza chache kwa mvua ya trai. Wapo wanaosema hiyo ni bahati. Mimi naona kocha aliyejua mechi ikishaharibika hakuna sababu ya kuua wachezaji wako kwa ajili ya heshima.

Na Newcastle. Katikati ya msimu walikuwa wameandikwa kuwa wamekufa. Walimrudisha Kalyn Ponga kutoka namba 6, ambako alikuwa anakaba kwenye msitu wa watu na kugongwa kichwa, wakampeleka namba 1 nyuma kabisa, ambako mtu anachagua pa kuingilia. Wakashinda mechi tisa mfululizo hadi mwisho wa msimu wa kawaida na kumaliza wa tano. Ponga akatwaa nishani ya Dally M ya mchezaji bora wa mwaka. Mabadiliko ya jezi moja. Nimeona timu zetu zikimweka mchezaji mwenye kipaji kikubwa mahali penye kazi nyingi kuliko pote, eti ili aguse mpira mara nyingi. Anaugusa mara nyingi akiwa hoi.

Mchujo wenyewe una ujanja wake. Wa 1 anacheza na wa 4, wa 2 na wa 3. Washindi wa mechi hizo mbili wanapumzika wiki nzima na kwenda moja kwa moja nusu fainali. Walioshindwa wanapewa nafasi ya pili. Wa 5 na wa 8, wa 6 na wa 7, wao ni kufa au kupona. Kwa hiyo tofauti ya kuwa wa kwanza au wa pili ni ndogo sana, lakini kati ya wa nne na wa tano kuna korongo. Tangu NRL ianze mwaka 1998 hadi 2025, hakuna timu iliyotwaa ubingwa ikiwa imemaliza nje ya nne bora.

Brisbane waliisoma vizuri. Wao na Penrith walimaliza na ushindi 18 kila mmoja, wakitenganishwa na tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa. Raundi ya 27, nafasi mbili za juu zikiwa mkononi tayari, Brisbane waliwapumzisha wachezaji wao wengi wa kwanza na kufungwa nyumbani na Melbourne. Penrith wakachukua nafasi ya kwanza. Siku nane baadaye Melbourne walirudi uwanja ule ule kwa mechi ya mchujo, wakakuta watu wengine: 26-0. Broncos kisha wakawafunga Warriors 42-12, na Penrith, waliokuwa wamewafunga Warriors hao 32-6 wiki ya kwanza, wakawafunga Melbourne 38-4. Timu zote mbili zilifika fainali zimepumzika. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Brisbane walichoka kwa sababu ya ratiba ya Septemba. Hawa walikuwa timu iliyoshika mkia mwaka 2020, sasa wako fainali, wana kasi kuliko mtu yeyote. Penrith walikuwa katika fainali yao ya nne mfululizo.

Mchana wa siku hiyo, katika uwanja huo huo, fainali ya wanawake ilichezwa: Newcastle Knights 24, Gold Coast Titans 18. Ligi yao ilikuwa na timu 10 na raundi tisa tu. Nayo inatosha kuwa mada ya siku nyingine, na kina dada wa raga waliokaa pale nyuma naona wanatikisa kichwa kukubali.

Sasa fainali yenyewe. Trai ya kwanza ilifungwa na Mitch Kenny, msaidizi yule. Thomas Flegler akajibu upande wa Brisbane, na mapumziko yakafika Penrith 8, Brisbane 6. Kipindi cha pili Ezra Mam, namba 6 wa Brisbane, akafunga trai tatu katika dakika zisizofika 15. Zote kwa mbio. Adam Reynolds akakamilisha mikwaju, 24-8. Jarome Luai wa Penrith, aliyecheza na bega ambalo lilishaumia Agosti, akatoka na nafasi yake akaingia Jack Cogger.

Timu nyingi zikiwa nyuma kwa pointi 16 huanza kurusha mpira pembeni kila nafasi, mpira unaanguka, mchezo unaisha. Penrith walifanya kinyume. Walirudi kwenye seti. Moses Leota, namba 8, mtu wa benchi na kurudi, akafunga kwa kupasua katikati: 24-14. Cleary akapiga mkwaju wa 40/20. Huo ni mpira unaopigwa ukiwa ndani ya mita zako 40, udunde uwanjani, kisha utoke pembeni ndani ya mita 20 za wapinzani. Zawadi yake ni kwamba unaurudisha wewe, na seti mpya. Kwa walinzi waliokuwa wanasubiri kupokea mpira na kupumua, hakuna pigo baya kuliko hilo. Stephen Crichton, ambaye tayari alikuwa ameshasaini kwenda Bulldogs mwaka uliofuata, akafunga: 24-20. Na dakika ya 77 Cleary akaubeba mwenyewe, akakata ndani, walinzi wakamshika hewa. Trai, mkwaju wake akapiga mwenyewe, 26-24. Penrith wakawa wa kwanza kutwaa mataji matatu mfululizo tangu Parramatta wa 1981 hadi 1983.

Kabla sijawasha, maelekezo. Msitazame mpira. Mpira unaujua mwisho wake. Makocha, hesabuni sekunde kutoka mtu anapokabwa hadi mpira unapoviringishwa, kwa kila timu, na mwandike kwenye karatasi mlizopewa. Waamuzi, tazameni zile mita 10: walinzi wangapi wa Brisbane wamefika kwenye mstari kabla mpira haujatoka. Wachezaji wa mbele, mtafuteni mchezaji mmoja wa Brisbane, yeyote, mumfuate yeye tu. Mtazame mikono yake inaanza kushika magoti dakika ya ngapi. Tukifika kwenye hatua ile ya Cleary nitasimamisha picha, na kila mmoja aniambie yule aliyeachwa alikuwa amekaba mara ngapi katika seti mbili zilizopita.

Kijana, zima taa. Dakika ya 60.